Muziki wa Juma Kuu redioni na masikio ya mwanao

Saa 11 alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala kwenye mabonde ya Lukozi na malori ya kabichi na karoti yakijiandaa kuteremka Mombo, redio huwa imeshawashwa katika nyumba nyingi za Milima ya Usambara. Siku za kawaida hutoa habari, Bongo Fleva, mahubiri au mawaidha kutegemea nyumba, na jioni uchambuzi wa soka.

Lakini ipo wiki moja ambayo, kwa anayesikiliza redio za Kikristo, sauti hubadilika. Ni Juma Kuu, kuanzia Jumapili ya Matawi hadi Pasaka. Nyimbo za kuchezeka hupungua na nafasi yake huchukuliwa na kwaya za sauti nne, vinanda na tarumbeta. Pasaka ikifika husikika tena na tena ile Haleluya Kuu ya George Frideric Handel, ambayo wanakwaya wa Tanzania wameiimba kwa Kiswahili kwa miaka mingi, kiasi kwamba si ajabu kumkuta muumini anayedhani ilitungwa Moshi au Bukoba. Ni sehemu ya kazi iliyosikika hadharani kwa mara ya kwanza Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742.

Huo ni muziki wa klasiki hasa, yaani ule wa watunzi wa Ulaya wa karne zilizopita: Bach, Handel, Mozart, Beethoven. Inafaa kusema hivyo waziwazi kwa sababu neno lenyewe huchanganya watu. Jirani zetu wa Kenya wana kituo maarufu kiitwacho Classic 105, na anayekifungua akitarajia Mozart atakutana na nyimbo za zamani za mapenzi za Marekani. Kwa Tanzania hizo zingeitwa zilipendwa.

Kwa mzazi mwenye mtoto mchanga au mwenye ujauzito, wiki hiyo huja na swali ambalo limezunguka sana kwenye simu: je, ni kweli mtoto akisikilizishwa muziki wa namna hii anakuwa na akili zaidi? Ushauri unaosambaa kwenye makundi ya WhatsApp ni wa aina moja. Weka simu tumboni, piga Mozart nusu saa kila siku, mtoto atazaliwa mwerevu na hesabu hazitamsumbua. Wapo wanaouza hadi spika za kufunga tumboni. Kwa mama anayehesabu bando na fedha ya nauli ya kliniki, ni vyema ajue habari hiyo ilitoka wapi kabla hajatoa hata shilingi.

Wanafunzi 36 wa California

Ilianza mwaka 1993. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, Marekani, wakiongozwa na Frances Rauscher, waliwachukua wanafunzi 36 wa chuo na kuwasikilizisha sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10. Baadaye wakawapa maswali ya kufikiria umbo, kwa mfano karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikifunguliwa. Waliosikiliza Mozart walifanya vizuri zaidi kuliko waliokaa kimya au waliosikiliza maelekezo ya kutuliza mwili. Faida hiyo ilidumu kati ya dakika 10 na 15, kisha ikaisha.

Msomaji asome tena hapo juu. Walikuwa watu wazima. Hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja, wala mjamzito. Lakini habari ilipotoka kwenye jarida la kisayansi la Nature na kufika magazetini, ilikua njiani kama uvumi wa sokoni. Januari 1998 Gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba dola 105,000 kwenye bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni kwake apewe kanda au CD ya muziki wa klasiki. Ili kuwashawishi wabunge aliwapigia kipande cha Beethoven.

Wanasayansi wengine walirudia jaribio hilo mara nyingi, na wengi hawakupata matokeo yaleyale. Mwaka 1999 watafiti wa Canada walifanya jambo la kufurahisha zaidi: waliwapa baadhi ya watu Mozart na wengine hadithi ya mwandishi Stephen King. Waliopenda hadithi walifanya vizuri baada ya hadithi, na waliopenda Mozart walifanya vizuri baada ya Mozart. Maana yake ni kwamba mtu aliyechangamka hufikiri vizuri zaidi kwa muda mfupi, na kinachomchangamsha kinaweza kuwa chochote. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna, nchini Austria aliko zaliwa Mozart mwenyewe, walikusanya tafiti karibu 40 zilizohusisha watu takriban 3,000 na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi wa maana kuwa muziki wake huongeza akili.

Kwa hiyo spika ya tumboni isinunuliwe.

Tumboni anasikia nini?

Pamoja na hayo, mtoto tumboni si kiziwi. Kuanzia wiki ya 25 hivi ya ujauzito, masikio yake huanza kuitikia sauti, na miezi mitatu ya mwisho husikia mengi. Anachosikia zaidi ni mapigo ya moyo wa mama, matumbo yanavyonguruma, na sauti ya mama mwenyewe, ambayo humfikia kupitia hewa ya nje na pia kupitia mwili. Sauti nzito hupita vizuri kwenye maji yanayomzunguka. Zile nyembamba hufifia. Akiwa karibu na kwaya, besi humfikia vizuri kuliko soprano.

Na anakumbuka. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, waliwaomba wajawazito wapige wimbo mmoja wa watoto mara kadhaa kila wiki katika miezi ya mwisho. Baada ya kuzaliwa, na tena walipofikisha miezi minne, ubongo wa watoto hao ulionyesha dalili za kuutambua wimbo ule. Hawakuwa wamezidi wenzao akili. Walikuwa wanaujua wimbo, basi, kama mtu anavyoitambua njia ya kwao hata usiku.

Hilo kwa mzazi ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto mwenye wiki mbili ambaye analia saa 9 usiku, akisikia kitu anachokijua, ana mahali pa kushika.

Tarumbeta za Mlalo

Watu wa Usambara hawakusubiri redio wala intaneti ili wapate muziki huu. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani, waliokuja kujulikana kwa jina la Bethel, walifika Mlalo mwaka 1891. Bethel yenyewe, karibu na mji wa Bielefeld, ilikuwa na sifa ya tarumbeta: mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefanya kazi huko, alikuwa miongoni mwa waliozieneza bendi za kanisa za kupuliza kote Ujerumani. Hadi leo sharika nyingi za KKKT, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, yenye makao yake Lushoto, zina kundi la tarumbeta linalotangulia maandamano, harusi na mazishi.

Nyingi ya tenzi za Kijerumani wanazozipiga ni tuni ambazo Johann Sebastian Bach, aliyefariki mwaka 1750, alizipangia sauti nne na kuzitumia katika kazi zake kubwa. Ule wimbo wa Martin Luther kuhusu ngome, ambao Walutheri huuimba kila Sikukuu ya Matengenezo, Bach aliujengea kantata nzima na Felix Mendelssohn akauingiza kwenye simfoni. Mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake ibadani Mlalo au Vuga, huku tarumbeta zikipigwa nje, ameshasikia kile ambacho mwenzake wa Dar es Salaam ananunuliwa bando akisikie.

Isieleweke kuwa Usambara ni ya Walutheri peke yao. Vijiji vingi vya milima hii vina Waislamu wengi, na mtoto wa huko hukua na kaswida, dufu za Maulidi na Qurani inayosomwa kwa mahadhi. Kwa sikio la mtoto na kwa ubongo unaojifunza kutofautisha sauti, vyote ni chakula. Bibi anayebembeleza kwa Kisambaa jikoni naye yumo katika hesabu hiyo, na pengine ndiye wa kwanza.

Sauti ya mtu aliyepo

Tafiti zenye uzito zaidi kuhusu muziki na watoto wachanga hazikuanzia kwenye CD. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali 11 za Marekani kwa watoto njiti 272. Walipigiwa ala za sauti ya chini zinazofanana na mapigo ya moyo na pumzi, na wazazi wakaimba wimbo walioupenda wao, ukiwa umefanywa wa kubembeleza. Mapigo ya moyo yalitulia, usingizi na unyonyaji ukawa bora, na wazazi wenyewe walipungukiwa na hofu. Muziki ulitolewa papo hapo na mtu aliyekuwa akimtazama mtoto, akipunguza kasi pale mtoto anaposhtuka.

Redio haiwezi kumtazama mtoto. Hapo ndipo penye tofauti yote. Hata hivyo tusiidharau. Watafiti wa Montreal, Canada, mwaka 2015 waliwasikilizisha watoto wa miezi sita hadi tisa sauti zilizorekodiwa, za kuimba na za kuzungumza, katika lugha wasiyoijua ya Kituruki. Walipoimbiwa walikaa karibu dakika tisa kabla ya kuanza kununa. Walipozungumziwa hawakufika hata nusu ya hapo. Kwa mama anayemenya viazi huku sufuria ikichemka, dakika tisa ni muda wa maana sana.

Kinachohitajika ni mzazi kuingia ndani ya wimbo. Juma Kuu ni wiki nzuri ya kulijaribu hilo kwa kuwa nyimbo hurudiwa: zilizosikika Jumatatu asubuhi zitasikika tena Alhamisi, na mama anayeimba kwaya anazijua zote. Apunguze sauti ya redio, amgeuze mtoto amwone uso, aimbe sauti yake ya pili au ya tatu juu ya ile ya redio. Ampigepige mgongoni kwa mapigo. Baba naye asijitoe kwa kisingizio kwamba sauti yake nzito, kwa sababu tumeona besi ndiyo iliyomfikia mtoto tangu tumboni. Baadaye redio ikizimwa, aendelee kuimba hivyohivyo bila ala. Mtoto hatadai nota.

Serikali ilipozindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, Desemba 2021, ilitaja malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo zake. Kwenye semina maneno hayo huonekana mazito. Nyumbani maana yake ni kwamba mtoto akitoa sauti, mtu anamjibu.

Na redio ikiwaka kutwa nzima, majibu hayo hupungua. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliwavalisha watoto 329 vifaa vidogo vya kurekodi na kugundua kuwa kila saa moja ya televisheni inayosikika ndani ya nyumba iliambatana na upungufu wa maneno takriban 770 ambayo mtoto angesikia kutoka kwa mtu mzima. Utafiti ule ulihusu televisheni, wala redio haina picha za kumteka mtu macho. Lakini kila mwenye redio jikoni anajua jinsi mazungumzo yanavyokatika mechi ikianza.

Sabufa, Coaster na kengele ya shaba

Sasa yaje masikio yenyewe, ambayo ni sehemu ya habari hii inayosahaulika kuliko zote.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asikilize sauti isiyozidi desibeli 75 kwa jumla ya saa 40 kwa wiki. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Hakuna anayetembea na kipimo, hivyo tumia mkono: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, hapo ni juu mno kwa mtoto. Sabufa iliyowekwa sakafuni, karibu na mkeka anapolala kichanga, hupita kiwango hicho kwa urahisi. Coaster inayopanda kutoka Mombo hadi Soni na Lushoto, na spika yake juu ya kiti cha mama mwenye mtoto, nayo hupita. Ni haki ya abiria kumwambia kondakta apunguze, au kuomba kiti kingine.

Tarumbeta pia. Kusimama na mtoto mbele ya kengele ya tarumbeta, pale shaba inapofunguka, ni kumwumiza, hata kama kinachopigwa ni Bach. Rudi nyuma hatua kumi na tano au ishirini, mgeuzie mgongo. Hedifoni kwenye masikio ya mtoto mchanga hazina nafasi kabisa, wala simu inayopiga muziki chini ya mto wake.

Kisha kuna watoto ambao muziki wote huu hauwafikii. WHO inakadiria kuwa duniani kuna watoto milioni 34 wenye upotevu wa usikivu unaohitaji msaada, na kwamba takriban asilimia 60 ya visababishi vya utotoni vingeweza kuzuilika. Miongoni mwake ni surua na rubela, ambazo chanjo yake ya pamoja hutolewa nchini tangu mwaka 2014, homa ya uti wa mgongo, manjano kali baada ya kuzaliwa, na usaha wa masikio unaoachwa miezi kwa imani kwamba utakauka wenyewe. Usaha ukitoka, safisha kwa kitambaa laini kikavu kilichosokotwa na umpeleke mtoto kituo cha afya. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala maji ya majani. Ukidumu siku 14 au zaidi, umeshakuwa sugu. Moshi wa jiko la kuni ndani ya nyumba, jambo la kawaida katika baridi ya Juni na Julai huku milimani, nao huongeza maradhi ya masikio kwa wadogo.

Watoto wengi nchini huruhusiwa kutoka wodi ya wazazi bila kupimwa usikivu. Ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa na miaka mitatu au minne, pale jirani anapouliza mbona huyu hasemi. Huo ni muda mrefu. Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya usikivu tangu mwaka 2017, huduma ambayo kabla ya hapo Watanzania waliifuata nje, na vifaa hivyo humsaidia zaidi mtoto anayefikishwa mapema, kabla umri wa kujifunza lugha haujapita. Kwa anayehitaji lugha ya alama, nayo huanza kujifunzwa vizuri utotoni.

Redio inaweza kumsaidia mzazi kushtuka mapema. Haimpimi mtoto, ila inaonyesha kitu. Kichanga chini ya miezi mitatu kwa kawaida hushtuka au kupepesa macho tarumbeta inapoanza ghafla. Karibu na mwezi wa nne hutulia asikiapo sauti anayoijua. Miezi sita hugeuza kichwa kutafuta sauti imetokea wapi. Miezi tisa au kumi anaitika jina lake na kusema ba-ba-ba, da-da-da kwa mfululizo. Mtoto aliyekuwa akitoa sauti za kichanga kisha akanyamaza mwezi wa saba au wa nane anahitaji kuangaliwa, kwa sababu hata asiyesikia huanza kwa kutoa sauti, halafu huacha.

Namna ya kujaribu ni rahisi. Mtoto akiwa macho, ametulia na hajashiba usingizi nusu, mtu mmoja akae mbele yake na toi. Mwingine awashe redio kwa sauti ya wastani nyuma yake, upande mmoja, bila mtoto kuona kivuli wala kuhisi hatua sakafuni. Halafu upande wa pili. Rudieni siku nyingine, kwa kuwa watoto wakati mwingine hupuuza tu. Kwenye Juma Kuu zipo siku za kutosha.

Asipogeuka kwa siku tatu tofauti, chukua kadi ya kliniki na umwambie mhudumu wa zahanati maneno hayahaya: redio iliwashwa nyuma yake mara tatu na hakugeuka. Omba rufaa. Kwa wakazi wa Lushoto na Bumbuli njia ni hospitali ya wilaya, kisha Bombo mjini Tanga, au KCMC mjini Moshi penye wataalamu wa masikio, pua na koo. Ukiambiwa kwamba wavulana huchelewa kusema, au kwamba hata baba yake alichelewa, sikiliza kwa heshima na bado uombe kipimo.

Na kama aligeuka, upande wa kulia na wa kushoto, punguza redio hadi msikie mvua ya masika juu ya bati, umrudishe mapajani. Haleluya Kuu bado ina siku mbili kabla ya kupigwa, na sauti ya pili inahitaji mazoezi.